Mwongozo kamili: klabu ya sayansi ya Lubumbashi ambamo kila mtoto anashika kifaa

Klabu ya sayansi inaweza kuwa na vifaa vizuri, wakufunzi wenye moyo na ukumbi uliojaa, na bado ikawapata watoto walewale kila mwaka: wanaosoma kwenye masomo (shule) ya gharama, wanaokaa karibu na mjini, wanaojibu Kifaransa bila kusita, na wengi wao wavulana. Mara nyingi hakuna aliyekusudia hivyo. Saa iliyopangwa, mahali palipochaguliwa na mtu aliyeombwa kutoa majina ndivyo vilivyochagua, siku nyingi kabla ya jaribio la kwanza. Kwa hiyo tutakaa sana mlangoni, kisha kwenye mikono ya watoto, na mwisho kwenye hesabu.

Kipimo tunachotumia hapa ni watoto 24, wakufunzi 4 na wiki 8, kila wiki mkutano mmoja wa dakika 90. Onyesho la siku moja mbele ya watoto 300 lina furaha yake, lakini mtoto aliyekaa safu ya kumi aliona moshi tu. Kama fedha ni kidogo, punguza watoto, usipunguze wiki.

1. Umri na majira

Lenga mwaka wa 7 na wa 8 wa elimu ya msingi, yaani watoto wa miaka 12 hadi 14 hivi. Mwisho wa mwaka wa 8 ndipo mtoto anapochagua opsheni (mchepuo) ya humanite, yaani sekondari ya juu: sayansi, ualimu, biashara, ushonaji, ufundi. Msichana ambaye hajawahi kushika waya kabla ya siku hiyo atachagua alichokiona kwa dada zake. Klabu ya wanafunzi wanaojiandaa kwa Exetat (mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari) ni kazi njema pia, ila kwa swali la nani ataingia kwenye sayansi, imeshachelewa.

Mizunguko miwili inaingia vizuri katika mwaka wa masomo: katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba, na Februari hadi Aprili. Yote miwili inakutana na masika. Mvua ikipiga manjanja (mabati), hakuna anayesikia mkufunzi, hata akipaza sauti. Uwe na sehemu ya kazi inayofanyika bila maneno, yenye hatua zilizochorwa kwenye karatasi kubwa, na uitoe mvua inapoanza.

Umeme usiutegemee kabisa. Panga majaribio yote kwa betri, jua au mikono. Intaneti nayo usiijengee: mtoto anayehitaji mega ili kufanya kazi ya klabu ataacha kuja kabla hajasema kwa nini.

2. Mahali na saa

Tafuta chumba cha chini kisicho na ngazi, kwenye komini za Katuba, Kenya, Ruashi au Anexe, kilicho mwendo wa miguu wa nusu saa au pungufu kutoka kwa watoto unaowataka. Ukumbi mzuri wa mjini unadai nauli mara mbili kwa kila mkutano, na katika nyumba yenye watoto wengi, nauli ya kwanza kukatwa huwa ya msichana. Kagua choo mwenyewe: mlango unafunga, maji yapo, na pedi zipo kwenye kabati ambalo msichana anaweza kulifikia bila kuomba mtu. Jambo hili huonekana dogo kwa waandaaji wanaume. Linaweza kumwondoa msichana kwa wiki nzima.

Saa ndiyo inayokosewa zaidi. Jumamosi inaonekana huru, lakini ni siku ya ibada kwa Waadventista, siku ya kufua kwa wasichana wengi, na jioni yake ni ya mazoezi ya kwaya. Kwa masomo yenye zamu mbili, walio zamu ya asubuhi wako huru mchana na wengine kinyume chake. Usikisie. Nenda kwa akina mama kumi wa kartie hiyo na uulize swali sahihi. Ukisema, "Mama, utamruhusu mtoto aje?" utajibiwa ndiyo kwa heshima, na mtoto hatakuja. Sema hivi: "Jambo mama. Binti yako, katika wiki nzima, ni siku gani na saa gani hana kazi ya nyumbani?" Hapo atakuhesabia: maji asubuhi, mdogo wake mchana, bukari ya jioni. Saa inayobaki wazi kwa wengi ndiyo saa ya klabu, hata kama haiwapendezi wakufunzi. Kwa kawaida utaishia kati ya 14h00 na 16h30. Usipite hapo, ili kila mtoto awe nyumbani kabla ya giza.

3. Kuchagua watoto kwa sufuria

Prefe wa masomo (mkuu wa shule) akiombwa wanafunzi wanane, atatoa wanane bora, na kwa nia njema kabisa. Hao wangeipenda sayansi hata bila wewe. Badala yake, mwombe aruhusu tangazo darasani na aachie kila anayetaka aandike jina.

Gawa nafasi hivi: wasichana 12, wavulana 12. Ndani ya kila kumi na wawili, 8 watoke kwenye masomo matatu tofauti yaliyo karibu (moja la serikali, moja la konvensheni ya kanisa, moja dogo la binafsi), 2 wawe watoto ambao hawasomi sasa, na 2 wawe wenye ulemavu. Kila fungu lina sufuria yake. Siku ya kura, ita wazazi, soma majina yote kwa sauti, na mwachie mtoto mdogo achomoe karatasi mbele yao. Chomoa pia wasichana 3 na wavulana 3 wa akiba.

Sufuria za masomo zitajaa upesi. Ya watoto wasiosoma itakuwa na majina mawili, labda hakuna. Kosa la kawaida ni kuchukua nafasi hizo na kuwapa wanafunzi kwa kuwa "hao wengine hawapatikani". Wanapatikana, ila si kwa tangazo la darasani. Pita kwenye soko, kwenye bomba la maji, kwa shemasi wa kanisa, kwa chama cha wazazi wa watoto viziwi, na ujipe wiki moja zaidi. Watoto wengine huchangia nyumba kwa kazi, hata machimboni. Usiwaulize hayo mbele ya wenzao.

Orodha ya majina yote, waliochomolewa na ambao hawakuchomolewa, itunze vizuri. Utaihitaji mwishoni.

4. Chumba kinachowapokea wote

Hakuna unifomu. Unifomu inasema nani anasoma, wapi, na nani hasomi. Kwa kuwa wengi watatoka masomoni moja kwa moja, weka mashati makubwa ya zamani 24, kila mmoja avae juu ya nguo zake. Yatakinga nguo dhidi ya siki na rangi, na chumba kizima kitakuwa sawa.

Kwa mtoto kiziwi, onyesha kwanza kisha sema, usiongee ukiwa umegeukia ubao, na mwombe akufundishe ishara zake za waya, moto, maji na hatari. Wengine wote wajifunze nao. Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, meza ya sentimita 75 isiyo na ubao chini inatosha magoti kuingia. Kwa asiyeona, nunua multimeta (kipima umeme) yenye sauti ya kengele: njia ya umeme ikiwa imeungana bila kukatika, inalia, naye anakuwa mpimaji kamili wa kikundi.

Lugha ni Kiswahili, kile cha Lubumbashi, jinsi watoto wanavyokisema. Mtoto anaeleza alichokiona kwa maneno yake, wala usimsahihishe sarufi. Baada ya kuelewa, andika ubaoni neno la Kifaransa atakalokutana nalo masomoni na lisomwe kwa pamoja. Utaratibu ni huo: jambo, maelezo ya Kiswahili, neno la mtihani. Ukianza na neno la mtihani, watakaojibu ni wale waliolijua tangu nyumbani.

Weka maandazi, karanga na maji mwanzoni, si mwishoni. Kuna watakaokuwa hawajala tangu asubuhi, na wenye njaa hawawezi kungoja dakika 90.

5. Nani anashika

Vikundi ni 8 vya watoto 3. Kanuni moja haivunjwi: msichana asiwe peke yake kati ya wavulana wawili. Kwa wasichana 12 na wavulana 12, tengeneza vikundi 6 vya wasichana 2 na mvulana 1, na vikundi 2 vya wavulana watupu. Changanya masomo na kartie ndani ya kila kikundi.

Kazi ni tatu: mshika vifaa, mwandishi na msemaji. Ukiziacha zijigawe, utaona kalamu ikienda kwa msichana mwenye mwandiko mzuri na waya ukienda kwa mvulana mwenye haraka, na wote wawili wataona ni sawa. Badilisha kazi kila dakika 10 kwa kugonga kopo. Asiyejua kuandika anachora. Mchoro unaeleza jaribio vizuri kuliko sentensi mara nyingi.

Kisha pima. Mkufunzi mmoja asifundishe siku hiyo: akae na karatasi yenye majina, aangalie vikundi 4 kwa nusu saa, na kila dakika 2 aweke alama kwa anayeshika kifaa wakati huo. Kila kikundi kitapata alama 15, na mgao wa haki ni 5 kwa kila mtoto. Ukiona 10, 4 na 1, usimkaripie mwenye 10. Mwoneshe mkufunzi wa kikundi karatasi hiyo, kwa sababu mara nyingi ndiye aliyempa waya yule anayenyoosha mkono kwanza. Fanya hivi mikutano ya 2, 4 na 6. Hakuna zana nyingine ya bei ndogo namna hii inayobadilisha klabu.

Jingine ni ukimya. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, aliwapima walimu na kukuta baada ya kuuliza swali wanangoja kama sekunde 1 tu. Waliponyoosha hadi 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kusema. Wafundishe wakufunzi kuhesabu hadi 5 kimoyomoyo kabla ya kumchagua wa kujibu.

6. Jaribio la kwanza: taa kwa ndimu

Tumechagua hili kwa sababu ya metali zake. Shaba ndiyo iliyoujenga mji huu tangu 1910, na zinki inachimbwa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa. Mtoto anajua majina hayo kama kazi ya baba au vumbi la barabarani. Siku hii anayaona yakifanya kazi mkononi mwake.

Kwa vikundi 8 nunua ndimu kubwa 32. Misumari 40 ya manjanja, ile yenye kofia iliyopakwa zinki. Mita 8 za waya wa umeme wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba, taa ndogo nyekundu za LED 12, multimeta 2, na karatasi ya msasa. Waya ununue kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi), kwa risiti. Usinunue vipande kwa mtu wa njiani, maana nyaya nyingi hukatwa kwenye nguzo za watu, wala usiwaruhusu watoto kuchoma nyaya ili kupata shaba: moshi wa plastiki hiyo ni sumu.

Viringisha kila ndimu mezani kwa kiganja mpaka ilegee, ili maji yapasuke ndani. Choma msumari upande mmoja na kipande cha shaba cha sentimita 5 kilichosuguliwa upande mwingine, viachane sentimita 2 au 3, na visigusane ndani. Pima: ndimu moja hutoa karibu volti 0.9. Unga nne kwa mfululizo, shaba ya moja kwa msumari wa nyingine. Mguu mrefu wa taa uende kwenye shaba ya mwisho, mfupi kwenye msumari wa mwisho. Funga dirisha, weka mikono kuzunguka taa. Mwanga ni mdogo mno na chumba kikiwa na jua hautauona.

Isipowaka, usiitengeneze wewe. Mpe kikundi multimeta na maswali. Ndimu inasoma volti 0.5 au pungufu? Huenda msumari ni chuma kitupu, hauna zinki. Inasoma sifuri? Waya una vanishi, kama ule wa mota, usugueni. Au metali zinagusana ndani ya ndimu. Nne zinasoma volti 3 na zaidi lakini taa haiwaki? Geuzeni taa. Bado? Taa nyekundu inahitaji karibu volti 1.8, na ndimu hutoa mkondo mdogo sana, hivyo volti hushuka mara taa inapoungwa: ingizeni metali ndani zaidi au azimeni ndimu ya tano kwa kikundi kingine. Dakika hizi 20 za kutafuta kosa ndizo somo lenyewe. Mkufunzi anayekimbilia kuunga waya ili taa iwake haraka amewanyang'anya.

Watoto wengi wataondoka wakiamini umeme unatoka kwenye ndimu. Msiwaache hivyo. Chomoa metali zilezile, uzitie kwenye kiazi, kisha kwenye glasi ya siki: volti zinabaki karibu zilezile. Kisha badilisha metali, shaba kwa shaba: volti zinakufa. Zinki ndiyo inayoliwa polepole na kutoa nguvu. Ndimu ni njia tu. Ndimu hizo zisiliwe wala kukamuliwa nyumbani, zina metali ndani. Zihesabu zikiwa 32 kabla ya kufunga mlango.

7. La pili: msumari unaovaa shaba

Loweka vipande vya shaba kwenye mililita 200 za siki na kijiko kimoja cha chumvi usiku kucha. Maji yakigeuka kijani au buluu, ingiza msumari wa chuma uliosuguliwa, usiwe wa manjanja. Ndani ya nusu saa unavaa rangi nyekundu. Chuma kinaingia kwenye maji, shaba inatoka na kukaa juu yake. Miwani na glavu ni lazima. Maji hayo hayamwagwi mtoni wala bustanini: tia vipande vya chuma kwa siku mbili vinase shaba iliyobaki, kisha yahifadhi kwenye chupa yenye lebo.

Watoto watataka kuleta mawe ya kijani kutoka machimboni. Kataa kwa upole na ueleze sababu: vumbi la madini ya Katanga linaweza kuwa na kobalti, na mengine yana urani. Malakiti (jiwe la kijani la shaba) iliyosuguliwa, inayouzwa kama pambo, inatosha kuonyeshwa.

Mikutano mingine ijazeni kwa mnachokimudu: kuchuja maji, kupima kivuli, hesabu za sifuri na moja kwa kadi.

8. Wageni

Mgeni mmoja tu katika wiki 8 anatosha, wawili wakizidi. Tafuta fundi wa maabara ya maji, mwanafunzi wa Politekniki ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), mchomeleaji mwanamke. Aje na kifaa cha kazi yake, azungumze dakika 15, na dakika 25 zibaki kwa mikono na maswali. Mwombe aseme alivyolipa masomo na nani alimkataza, kwa sababu hayo ndiyo wasichana wanayotaka kuyajua. Majina makubwa yanasaidia pia: Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi aliyetengeneza maroboti ya kuongoza magari barabarani Kinshasa mwaka 2013, au Raïssa Malu, mwanafizikia aliyeanzisha Wiki ya Sayansi na Teknolojia. Lakini mtu wa kartie, anayepanda teksibasi ileile, ndiye mtoto anayeweza kumfuata njiani na kumuuliza.

Usalama ni mfupi na hauna mjadala: watu wazima wawili daima, hakuna mkufunzi peke yake na mtoto, hakuna picha bila saini ya mzazi.

9. Kufuata wanaopotea

Asipokuja mara moja, piga simu siku hiyohiyo. Ukingoja mara ya tatu, ameshaona aibu kurudi. Uliza kilichotokea, usiulize kwa nini. Msichana aliyebaki kumlea mdogo wake anaweza kuja naye: weka mkeka na mama mmoja wa kujitolea pembeni. Akiacha kabla ya wiki ya 3, ita aliye kwenye akiba.

10. Kuhesabu kilichobaki

Idadi ya waliohudhuria ni taarifa ya mfadhili, haisemi kilichobadilika. Tumia vitu vitatu. Kwanza, mkutano wa 1 na wa 8, waambie wachore mtu anayefanya sayansi, bila mfano. David Chambers, mwaka 1983, alichapisha michoro ya watoto 4,807 wa nchi tatu: 28 tu walichora mwanamke, na wote 28 walikuwa wasichana. Tazama nani anachorwa, wapi, na kama mtoto amejichora mwenyewe. Pili, zile karatasi za alama 15.

Tatu ni opsheni, na hapa ile orodha ya kura inalipa. Waliochomolewa na ambao hawakuchomolewa walitoka sufuria zilezile, wote walitaka, bahati tu iliwatenga. Septemba, watafute walioanza humanite kutoka pande zote mbili na uulize kila mmoja ameandikishwa opsheni gani. Tofauti kati ya pande hizo ndiyo kazi ya klabu. Kwa watoto 24 tofauti hiyo haitoshi kusema neno: kusanya mizunguko mitatu au minne, na uandike hata majibu yasiyopendeza. Na wale wa mwaka wa 7 ambao karatasi zao zilibaki kwenye sufuria, wapigie simu wa kwanza mzunguko ujao unapofunguliwa.